Ukitaka kuchunguza neno la wanasayansi kifalsafa, anza na nkejje

Watu wakisikia falsafa ya sayansi wanadhani ni mzee amekaa tu anawaza, kumbe kuna kazi kabisa na unaweza kuianza leo.

Chagua neno moja, ukibeba sayansi yote utazama. Mimi nilichukua "spishi", yaani aina ya kiumbe, coz niko Jinja, Uganda, na samaki ndo stori zetu. Halafu kamusi iweke kando kwanza, soma ripoti za watafiti, na si ule utangulizi mtamu, soma pale wanapoeleza walipima nini na vipi, ndo utajua huyu akisema spishi anaangalia meno na mifupa, yule DNA, mwingine nani anazaa na nani.

Sasa tafuta kesi sumbufu, hapa ndo penye utamu. Mwanabaolojia Ernst Mayr 1942 alisema spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na hawachanganyiki na wengine. Sawa. Nenda Masese, mwalo wa hapa Jinja, umuulize mama anayeuza nkejje (samaki wadogo wa ziwani, Watanzania wanawaita furu), kwake ni nkejje tu, bei ni ya fungu, lakini watafiti wanahesabu spishi mamia Ziwa Victoria. Kati yao kuna anayeitwa kisayansi Pundamilia nyererei (ni samaki, si yule mnyama wa mistari), dume lake jekundu, ndio amepewa jina la Mwalimu, na ndugu yake Pundamilia pundamilia dume lake bluu. Jike anachagua kwa rangi, ila maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri basi wanachanganyika, na watoto wao wanazaa bila shida, mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake waliandika hayo 1997. Haya niambie, ni spishi mbili au moja? Na bakteria wasiopandana kabisa utawaweka wapi?

Usikimbilie kutangaza mshindi, mimi nilipoteza muda mwingi hapo. Uliza neno linamsaidia kila mtu kufanya nini, maana anayefuatilia samaki wapya wanatokeaje na anayehesabu waliopotea tangu mputa (sangara) aletwe ziwani miaka ya 1950 hawana shida moja.

Kisha waulize wenyewe. Wanafalsafa Karola Stotz na Paul Griffiths waliwapelekea wanabaolojia maswali kuhusu neno jingine, jeni. Ujanja ni kutouliza "jeni ni nini", utapewa jibu la darasani, wape kesi: vipande viwili vya DNA vilivyo mbalimbali vinachangia protini moja, hapo kuna jeni ngapi? Na pembeni ya kila jibu andika mtu anafanya utafiti wa nini, majibu yakigawanyika kufuata kazi zao, hapo umepata cha kuandika.