Ruka hita kabla ya kuweka dawa ya baridi

Huku milima ya Colorado, Marekani, miti ya aspen ikishageuka rangi ya dhahabu, usiku mmoja wa barafu unatosha kupasua mabomba ya karavani (nyumba ya safari inayovutwa na gari). Kabla ya kuvuta kwenye mabomba ile dawa ya rangi ya waridi inayozuia maji kuganda, zima hita ya maji, iache ipoe kabisa, fungua bomba la maji moto presha iishe, toa kizibo cha hita imwage yote, halafu geuza valvu za nyuma yake ili dawa isipitie humo. Hita nyingi hubeba lita 23 hivi, na zote hizo ungezijaza dawa bure. Tangi tupu halina cha kuganda. Mabomba yenyewe hutosheka na lita 8 hadi 11. Fungua kila bomba, baridi na moto, hadi uone waridi. Usisahau bafu la nje, wengi hulipasua! Mimina kikombe kimoja cha dawa kwenye kila sinki pia, maana kona ya bomba la chini yake hubaki na maji. Kama karavani yako haina valvu hizo, mbinu hii haifanyi kazi mpaka uziweke. Kulanti ya gari (maji ya kupoza injini) usiitumie humu kabisa, ni sumu.