Kabla ya kuandika barua ya kuomba mtaro

Wengi wetu tunaokaa mabondeni huanza kutafuta fedha za serikali za kujenga mtaro wa maji ya mvua maji yakiwa bado sebuleni. Hakuna wakati mbaya kuliko huo. Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Tope linapoingia ndani, madiwani wameshapitisha makisio yao na Bunge liko Dodoma linajadili bajeti. Ombi la Aprili, hata likiwa zuri namna gani, kwa kawaida litangoja mwaka mwingine. Barua ya mtaro iandikwe vuli, Oktoba au Novemba, mipango ya mitaa inapokusanywa.

Msaada wa dharura ni habari nyingine, nao hupitia kamati za maafa. Magodoro, chakula na kuzibua kalavati ni dharura. Mtaro wa zege ni maendeleo. Vikiwekwa kwenye barua moja, kila ofisi itasoma nusu yake na kuisukumia nyingine nusu iliyobaki.

Jueni pia mnamwomba nani. Barabara za mitaa zinahudumiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017; barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; na kama maji yanatoka mtoni, mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Barua yetu ya kwanza ilikaa miezi kwenye ofisi isiyohusika na kalavati tuliloliombea, na hakuna aliyetuambia. Iliniuma sana, kwa sababu masika yalitukuta palepale.

Ushahidi ndio unaobeba ombi, na unapotea upesi kuliko watu wanavyodhani. Maji yakishuka, yanaacha mstari wa tope ukutani. Wiki mbili baadaye mama mwenye nyumba ameshausugua, na ana haki, ni nyumba yake. Kwa hiyo siku ileile piteni na futi kamba na rangi nyekundu. Pimeni kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, chora alama, andika tarehe pembeni. Nyumba moja kwetu alama iko juu ya swichi ya taa. Mhandisi alipofika aliweka kiganja pale, akanyamaza, kisha akatoa daftari lake. Ongezeni picha za kalavati kabla na baada ya mvua, na orodha ya nyumba zilizoingiwa na maji.

Ombi lipite kwenye mkutano wa mtaa, na muhtasari uwe na mahudhurio, sahihi na muhuri. Bila hayo ni barua ya watu watano tu. Diwani ndiye ataisimamia kwenye kamati ya maendeleo ya kata, halafu kwenye baraza, basi apewe nakala mapema. Kwa kazi ndogo, kama mifuniko ya mtaro au mabomba mawili ya kalavati, ulizeni mapato ya ndani ya halmashauri au mfuko wa jimbo, ule wa maendeleo unaosimamiwa na mbunge.

Swali linalosahaulika ni maji yataishia wapi. Mtaro unaomwaga kwenye mtaa wa jirani huleta ugomvi, na mradi husimama. Kaeni na wenzenu wa chini kwanza. Walio kando ya mto wakumbuke Sheria ya Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Walio bonde la chini la Msimbazi waulize kama eneo lao limo kwenye mradi wa bonde hilo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Kama limo, karatasi za kuandaa ni za umiliki na fidia. Waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanaweza kuwaeleza uzito wa karatasi hizo.

Julai ikifika, mtu mmoja aende ofisi ya kata kuuliza kama mtaro umo kwenye bajeti na kwa kiasi gani. Arudi tena Septemba, akiwa na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.