Motohomu kwenye joto kali: anza na jua, kiyoyozi baadaye

Wengi wakifika Arizona, jimbo la jangwa Marekani, na motohomu (gari lenye nyumba ndani yake) mwezi wa Julai hukimbilia swichi ya kiyoyozi. Mimi huanza na jua, maana joto likishaingia ndani, mashine ya darini itahangaika nalo hadi usiku.

Hatua ya 1: Tazama mwinuko. Mchana wa Julai jiji la Phoenix hufika nyuzi 41 hivi. Flagstaff, saa mbili na ushee barabarani, iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wake hupungua zaidi ya nyuzi 10. Kama ratiba inaruhusu, panda.

Hatua ya 2: Egesha kwa hesabu. Jua baya ni la kuanzia saa tisa alasiri. Elekeza pua mashariki ili kioo kikubwa cha mbele kisilipate. Magari ya Marekani turubai la kivuli huwa kulia, kwa hiyo litaangukia kusini. Halafu zunguka ukaangalie matundu ya nje ya friji. Friji ya gesi hutoa joto lake kwa nyuma. Upande huo ukipigwa na jua, maziwa yatachacha hata kama ninyi ndani mnajifunika shuka.

Hatua ya 3: Funika vioo kwa nje. Pazia la ndani lina msaada, ila mwanga ukishavuka kioo joto limeshaingia. Tundu la dari lizibe kwa sponji nene.

Hatua ya 4: Washa kiyoyozi saa tatu asubuhi, chujio likiwa safi, usingoje kuta zipate moto. Soketi ya kambini ya ampea 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600, na kiyoyozi kimoja hula karibu nusu. Ongeza maikrowevu na hita ya maji, umeme unakatika. Weka kipima volti pia: kambi ikijaa, umeme hushuka. Ukifika chini ya volti 105, zima kiyoyozi, la sivyo utanunua kompresa yake mpya.

Hatua ya 5: Usiku nje kukipoa, feni ya dari ivute hewa kutoka ndani, ufungue dirisha moja tu, lililo karibu na kitanda. Ukifungua yote, upepo hautakufikia.

Kuna wanaosifu vipoza hewa vya maji. Jangwani ni kweli, hewa ni kavu. Florida, au kwetu Tanga na Mombasa, vitakuongezea jasho tu.