SOMO: Kipuri cha 500, usafiri 5,000. Soma hapa kabla ya kuniuliza

Wadau, salaam. Naandika hii mara moja ili nisiirudie tena. Wiki haipiti bila mtu kusimama mbele ya kibanda changu hapa Kondele, Kisumu, simu mkononi, akinionyesha kitu cha dola 4 chenye usafiri wa dola 38. "Fundi, hawa si wamekosea?" Hawajakosea. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, vitu vidogo kutoka nje nimeviagiza miaka tisa sasa, na karibu kila kosa lililopo nimelifanya kwa pesa yangu mwenyewe.

Jambo la kushika kabla ya yote: hulipii safari ya kipuri, unalipia safari ya kifurushi. Kampuni za vifurushi vya haraka huhesabu kwa nusu kilo nusu kilo. Kapasita ya gramu 10 italipa sawasawa na nusu kilo ya sukari. Ukilielewa hilo, nusu ya somo umeshalimaliza.

Hatua ya 1. Tafuta hapa kwanza. Soko la Kibuye siku ya Jumapili, kisha mpigie mtu wa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki kule Nairobi; basi la usiku likileta, asubuhi unacho.

Hatua ya 2. Jua uzito. Wa kitu pamoja na bahasha yake. Kwa posta ya kawaida, kifurushi kidogo mwisho wake ni kilo 2.

Hatua ya 3. Chagua njia. Ziko tatu. Posta kwa posta: rahisi, polepole, inafaa kitu kidogo kisicho na haraka. Kampuni ya haraka: siku chache, bei kali, inafaa mashine ya mteja ambaye tayari amekulipa. Wakala wa mizigo mwenye ghala Guangzhou, Dubai au London: anatoza kwa kilo kwa ndege, au kwa ujazo kwa meli, nawe unachukua mzigo Nairobi au unaongeza kidogo ufike Kisumu. Wakala anafaa ukiwa na vitu vingi. Kitu kimoja kidogo kwa wakala ni kukodi lori libebe kiberiti, maana wengi wana kiwango cha chini cha malipo.

Hatua ya 4. Uliza sanduku lina ukubwa gani. Hapa kaa chini usome.

Kanisa moja la Nyalenda liliniletea spika nane za inchi kumi, zote zimechanika, koni au ukingo. Nikapata koni mpya China, jumla 4,800 za Kenya. Koni ni karatasi tu, ukiishika mkononi ni kama umeshika chapati iliyokauka. Nikapiga hesabu: kilo mbili, wakala anatoza 1,300 kwa kilo, haizidi 2,600. Nikawaambia wazee wa kanisa bei, wakakubali, wakalipa.

Mzigo ukafika Nairobi. Wakala akanitumia ujumbe: 15,600.

Nilidhani ni utapeli. Nikapiga simu kwa sauti ambayo jirani yangu muuza viatu bado ananikumbusha. Yule kijana akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanitumia picha. Muuzaji alikuwa ameweka kila koni kwenye boksi lake, akazungushia sponji, halafu zote nane ndani ya sanduku la sentimita 60 kwa 40 kwa 30. Mizani ilisoma kilo 1.9. Lakini mizigo ya ndege hailipiwi uzito peke yake, inalipiwa pia nafasi. Chukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 6,000. Hilo sanduku: 72,000 kugawa kwa 6,000 ni kilo 12. Wanachukua namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kilo 12 mara 1,300, basi.

Kampuni za haraka ni wakali zaidi, wao hugawa kwa 5,000. Sanduku hilohilo kwao ni kilo 14.4.

Kilichoniuma si pesa tu, ingawa pesa nilikopa kwenye chama na nikalipa miezi mitatu. Kilichoniuma ni kwamba koni hupandana kama sufuria. Zikipangwa moja ndani ya nyingine, zote nane zinaingia kwenye boksi la 27 kwa 27 kwa 15. Piga hesabu mwenyewe: hazifiki hata kilo 2. Ningemwandikia muuzaji sentensi moja, ningeokoa zaidi ya 13,000.

Kwa hiyo:
- Mwandikie muuzaji KABLA ya kulipa. Mwambie apange vitu vikipandana, aondoe maboksi ya duka, atumie sanduku dogo kabisa. Mwombe picha yenye futi kando yake.
- Kama kitu kinapita kwa wakala, muulize kama anafungua na kupanga upya ghalani, na anatoza kiasi gani. Wengine hufanya bure.
- Muulize anagawa kwa ngapi. Akisema "tunapima tu kwa mizani", aiandike kwenye ujumbe.
- Usimpe mteja bei kabla ya kujua vipimo vya sanduku. Usijaribu.

Hatua ya 5. Jina na anwani. Jina la kwenye kitambulisho, si jina la duka. Sanduku la Posta, Kisumu 40100, namba ya simu ikianza na +254. Niliwahi kuandika jina la kibanda, nikaenda dirishani na kitambulisho chenye jina lingine. Nilirudi kesho yake na barua.

Hatua ya 6. Kodi. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 au 35 kutegemea kitu ni nini. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na ada ya reli asilimia 2. Hizi hubadilishwa na Bunge, kwa hiyo angalia mwaka ulionao. Hifadhi risiti ya ununuzi, ndiyo utakayoulizwa.

Hatua ya 7. Lipa. Kadi ya M-Pesa GlobalPay inatosha.

Hatua ya 8. Subiri. Na usinipigie simu kuuliza kiko wapi.

Maswali chini. Ukiuliza nilichokwisha kujibu, nitakujibu kwa namba ya hatua.

—

Jogoo_wa_Migosi: Boss usafiri ni ngapi?

Fundi (mwandishi): Wa nini, kutoka wapi, gramu ngapi?

Jogoo_wa_Migosi: Kitu kidogo tu.

Fundi: Hatua ya 2.

Gurudumu_Nakuru: Asante kwa somo. Mimi ni mwendesha baiskeli, hapa Nakuru tunapata vipuri vya mitumba lakini breki nzuri hakuna. Swali: kwa nini kitu kutoka China kinaweza kufika kwa dola 3 na kilekile kutoka Marekani kinaitishwa dola 25? Ndege si ndege?

Fundi: Ndugu, hili ndilo swali nililokuwa nangoja. Posta ya nchi moja ikipeleka kifurushi nchi nyingine, hulipa posta ya pale kwa kazi ya kukigawa. Viwango hivyo hupangwa na Umoja wa Posta Duniani, UPU, chama cha tangu 1874 chenye makao Bern. Kwa miaka mingi nchi zilizohesabiwa kuwa zinaendelea zililipa kidogo sana, na China ilikuwa miongoni mwao. Ndiyo maana muuzaji wa Shenzhen aliweza kutuma bahasha hadi New York kwa bei ndogo kuliko jirani wa New York kumtumia jirani. Marekani ikakasirika, ikatishia kujitoa, na mkutano wa Geneva wa Septemba 2019 ukaruhusu nchi kujiwekea viwango. Tangu hapo ule urahisi umepungua, lakini China bado wana faida ya wingi: vifurushi vyao vinajaza ndege, vyetu kutoka Marekani vinasubiri nafasi. Halafu posta ya Marekani ilifuta usafiri wa meli kwa barua na vifurushi vya nje mwaka 2007. Kule kila kitu ni ndege, upende usipende.

Kwa breki zako: mwambie muuzaji atoe boksi la duka. Breki ni nzito lakini ndogo, wewe hutaumizwa na nafasi kama nilivyoumizwa mimi.

Gurudumu_Nakuru: Nimeelewa. Kumbe mnyororo na breki ndivyo vya kuagiza, kofia na viti ninunue huku.

Fundi: Umemaliza. Kofia ni hewa iliyofungwa kwenye sponji.

MjuajiWaJiji: Mimi naona uliibiwa tu na wakala, sasa unatuletea hesabu za kumtetea.

Fundi: Hesabu ilikuwa kwenye ukurasa wao wa bei, mstari wa tano. Sikuusoma. Kama nimeibiwa, mwizi ni uvivu wangu, na jina lake nimeshakupa.

MjuajiWaJiji: Basi mimi humwambia muuzaji aandike "zawadi, dola 5". Sijawahi kulipa kodi.

Fundi: Siku kitakapopotea utadai fidia ya dola 5. Na forodha hawalazimiki kuiamini karatasi yako, wanaweza kukikadiria wenyewe. Mimi sifundishi hiyo, usiilete kwenye somo langu.

Mwl_Bungoma: Fundi, hujambo. Mimi si mtu wa vipuri. Nina rafiki Uingereza anataka kunitumia vitabu vya maktaba ya darasa, vilivyotumika, kama kilo nane. Ameambiwa bei akanyamaza. Kuna namna?

Fundi: Sijambo, Mwalimu, shikamoo. Namna ipo, na ni nzuri. Mwambie asiulize bei ya kifurushi, aulize Royal Mail bei ya karatasi zilizochapwa. Vifurushi vidogo vinaishia kilo 2, lakini vitabu kwa mpango huo vinaruhusiwa hadi kilo 5. Agawe mafungu mawili ya kilo nne. Asiweke barua binafsi wala kalamu ndani, viwe vitabu tupu. Afunge vikibanana kwa plastiki kwanza, maana kona za vitabu ndizo zinazopasua sanduku, na mvua ya kwenu Bungoma unaijua. Anwani yako iishie 50200.

Mwl_Bungoma: Marahaba. Sikujua kabisa kwamba karatasi ina bei yake. Ubarikiwe.

SimuNaZaidi: Nataka kuagiza betri kumi za simu. Na droni moja. Posta itafaa?

Fundi: Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa hazipiti kwenye posta ya ndege. Droni inataka kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla haijaingia nchini. Hapana, na hapana.

SimuNaZaidi: Mbona unajibu kwa ukali?

Fundi: Kwa sababu vikishikwa utakuja kusimama Kondele, si Nairobi.

Dada_wa_Kakamega: Nimepewa namba ya kufuatilia lakini kila tovuti inasema haipo. Nimetapeliwa?

Fundi: Iandike hapa umbo lake tu, si namba yote.

Dada_wa_Kakamega: Inaanza LP halafu tarakimu kumi na nne.

Fundi: Hiyo ni ya ndani ya muuzaji, dada, bado si ya posta. Namba ya posta duniani kote ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi: CN China, GB Uingereza, US Marekani. Ikianza na R imesajiliwa, C ni kifurushi, E ni EMS, yaani posta ya haraka. Ile tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, inatokana na nane za mbele, kwa hiyo namba ya kubuni mara nyingi hukataliwa na mashine papo hapo. Mwandikie muuzaji umwombe yenye umbo hilo. Akikupa, utulie. Akizunguka, fungua malalamiko kabla siku za ulinzi wa mnunuzi hazijaisha. Usikubali maneno ya "subiri kidogo tu" mpaka zikapita.

Dada_wa_Kakamega: Zimebaki siku sita.

Fundi: Andika leo.

Spana13: Nje ya mada kidogo. Transista za 2SC5200 na 2SA1943 unatoa wapi? Nimenunua jozi tatu, zote zimelipuka kabla kwaya haijamaliza wimbo wa kwanza.

Fundi: Hizo ndizo zinazoghushiwa kuliko zote, hapa na China. Usafiri wa bei nafuu haukusaidii kama kilichosafiri ni takataka. Mimi huzitoa kwa wasambazaji wenye idhini, Mouser au Digi-Key, na hapo usafiri ni mkali kweli. Dawa yake ni kuchanga. Mafundi wanne tunaweka oda moja, tunagawana usafiri. Transista hazina uzito, nusu kilo inatubeba wote na bado inabaki. Ukitaka kuipima uliyonayo, vunja moja iliyokufa kwa koleo utazame kipande cha silikoni ndani. Kikiwa kidogo kama punje ya mtama, umejua.

Spana13: Nimevunja sasa hivi. Ni punje ya mtama, na ndogo.

Fundi: Pole, omera. Njoo kwenye mchango ujao. Orodha nafunga Ijumaa saa mbili usiku, pesa kwanza, sikopeshi.

Gurudumu_Nakuru: Na spika zenye ukingo ulioliwa, lazima koni nzima?

Fundi: Hapana! Raba ya ukingo peke yake inauzwa, inalala bapa kwenye bahasha, inakuja kwa posta. Ningejua hivyo mapema, kanisa la Nyalenda angalau spika mbili kati ya zile nane zisingehitaji koni.

Jogoo_wa_Migosi: Boss nimerudi. Gramu 85. Nimepimiwa kwa bucha.

Fundi: Sasa tunaongea. Kutoka wapi?