Kombo ya besi na boksi la pili: anza na omu, wati zitafuata

Kama una kombo ya besi, yaani amplifaya na spika ndani ya boksi moja, na umefika mahali mpiga drams anakufunika kila mkiingia kiitikio, najua unachowaza, utafute boksi la spika la ziada ulichomeke pale nyuma na mambo yaishe. Wazo ni zuri kabisa na mimi napiga hivyohivyo, ila kabla hujatoa hela igeuze kwanza hiyo kombo usome mgongoni, maandishi yote, hata yale madogo pembeni ya tundu la spika. Unatafuta alama ya Ω, yaani omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, na namba iliyo karibu yake. Hiyo ndo inakwambia amplifaya yako inaweza kushuka mpaka omu ngapi, nyingi mwisho wake ni 4, chache zinafika 2.67 au 2, na zipo ambazo haziruhusu chini ya 8.

Hapa ndo watu wengi wanachanganya, omu zikiwa ndogo mzigo unakuwa mzito zaidi. Chukulia amplifaya ni pampu na spika ni bomba, omu kubwa ni bomba jembamba, ukiongeza bomba la pili pembeni maji yanapata njia mbili na pampu inalazimika kusukuma mengi zaidi kwa wakati mmoja. Tundu za spika nyuma ya kombo karibu zote zinaunganisha kwa sambamba, kwahiyo omu hazijumlishwi, zinashuka. 8 na 8 unapata 4, 4 na 4 unapata 2, na 8 na 4 unapata 2.67. Kama namba hazilingani zidisha moja kwa nyingine halafu gawa kwa jumla yake, 8 mara 4 ni 32, gawa kwa 12, basi.

Na spika ya ndani ya kombo inahesabika!! Nasema kwa sauti kwasababu mimi mwenyewe niliisahau. Nilikuwa na kombo ya wati 300, mwisho wake omu 4, spika ya ndani omu 8, nikaazima boksi la omu 4 nikajiambia si mashine inasema 4 na boksi ni 4, nikachomeka tukaanza mazoezi. Sauti ilikuwa tamu kwelikweli kwa kama dakika arobaini, feni ikaanza kulia kuliko kawaida, nikagusa bati la nyuma mkono ukarudi wenyewe, katikati ya wimbo sauti ikakata. Bahati nzuri ilikuwa na ulinzi wa joto, ilipopoa ikarudi, ila kuna amplifaya ambazo hapo transista za mwisho zinaungua na unabaki na mzigo wa kubeba tu. Nilikuwa naiendesha kwa 2.67 bila kujua.

Sasa pima hali yako. Spika ya ndani ni 8 na amplifaya inashuka mpaka 4, unahitaji boksi la omu 8, sio la 4. Spika ya ndani ni 4 na amplifaya mwisho wake 4, hapo hakuna nafasi ya kuongeza kitu, labda kombo iwe na tundu linalokata spika ya ndani ukichomeka ya nje, au spika ya ndani iwe imeunganishwa kwa waya unaochomoka, uichomoe kabisa utumie maboksi mawili ya nje ya omu 8. Kama hujui tundu lako ni la aina gani soma kitabu chake, usikisie.

Boksi lililotumika usiamini stika yake, mtu anaweza kuwa alibadilisha spika ndani na stika ikabaki ileile. Chukua mita, iweke kwenye omu, chomeka waya wa spika kwenye boksi tu, upande mwingine uwe huru, gusa ncha ya jeki na shina lake. Boksi la omu 8 litakuonyesha kitu kama 5.5 mpaka 7, la omu 4 ni kama 3 mpaka 3.7, na ndivyo inavyotakiwa maana mita inasoma ukinzani wa waya wa koili peke yake, ule wa wakati sauti inacheza huwa juu zaidi. Ikisoma kama 12 huenda ni boksi la omu 16 au limefungwa waya kivyake, na isiposoma kitu boksi lina tatizo, liache mpaka lifunguliwe.

Wati sasa. Kombo ikiandikwa wati 300 mara nyingi ni kwa ile omu ya chini, yaani kwa 4, ukiwa na spika ya ndani ya 8 peke yake unapata kidogo tu zaidi ya nusu yake. Ndo maana boksi la pili la omu 8 linasikika sana, amplifaya inatoa karibu mara mbili, hiyo ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 3, na eneo la koni linalosukuma hewa limekuwa mara mbili, unapata kama 3 nyingine. Maboksi yenye omu sawa yanagawana nguvu nusu kwa nusu, hapa wati 150 kila moja, basi tafuta boksi linalobeba hizo na ziada nzuri juu. Omu zikitofautiana la 4 linakula mara mbili ya la 8. Na kuwa mpole na kitufe cha besi, kuongeza desibeli 6 kwenye sauti za chini ni kudai nguvu mara nne pale, na nyuzi ya E iko kama hezi 41, nyuzi ya B ya besi ya nyuzi tano kama 31, koni inasafiri mbali sana huko na inaweza kugonga mwisho wake hata wati hazijafika zilizoandikwa.

Boksi gani sasa? Ushauri wangu ni lile linalofanana na la ndani, kampuni moja, saizi moja, spika zilezile kama zinapatikana. Kuna imani kwamba inchi 15 ni ya chini na inchi 10 ni ya kati, mimi siikubali, ukubwa wa boksi na jinsi lilivyotengenezwa vina neno kubwa zaidi. Ampeg SVT ya 1969 ilikuwa na wati 300 na maboksi yake yalijaa spika za inchi 10, nane kila boksi, na hakuna aliyelalamika kuwa besi haipo. Halafu ukiweka kombo ya 10 mbili na boksi la 15 moja, zote omu 8, ile 15 moja inabeba peke yake nguvu sawa na zile mbili kwa pamoja, kwahiyo ndo itakayozidiwa kwanza.

Ukilazimika kuchanganya, piga noti moja moja taratibu kutoka E ya chini mpaka juu na usikilize kama kuna noti zinazopotea. Zikipotea nyingi za chini huenda boksi moja limefungwa chanya na hasi kinyume. Chukua betri ya volti 1.5, upande wa chanya uguse ncha ya jeki, hasi shina, kwa sekunde moja tu huku unaangalia koni. Koni inatakiwa kutoka nje. Rudia kwa boksi la pili, kama moja linatoka na lingine linaingia, geuza waya ndani ya moja.

Waya uwe wa spika, sio wa gitaa, tafadhali. Wa gitaa una uzi mwembamba katikati na haujatengenezwa kubeba mkondo mkubwa, unapata moto. Waya mfupi wenye milimita za mraba 1.5 unatosha, 2.5 ni bora. Ukiwa na Speakon, plagi ya spika ya kuzungusha, sukuma na zungusha mpaka isikike tiki, ukiwa na jeki zima kombo kwanza ndo uchomeke, maana ncha inaweza kugusana na shina wakati inaingia. Kombo ya vali, zile taa za kioo badala ya transista, ni kali zaidi, chagua tundu la omu zinazolingana na jumla ya mzigo na usiiwashe kabisa bila spika, transfoma ya mwisho inaweza kufa.

Panga boksi moja juu ya lingine, kombo iwe juu karibu na masikio yako na feni ipumue, ukiyaweka ubavu kwa ubavu sauti za juu zinabadilika kila mtu akisogea. Kisha piga nusu saa kwa sauti unayotumia na bendi, gusa bati la nyuma, na likiwa la moto hadi huwezi kuacha kiganja hapo, zima na urudie hesabu ya omu kuanzia spika ya ndani.