Somo: Kuchagua vichezeo vyenye nembo vya kugawa bure

Oda nyingi huharibika kabla hazijaandikwa, kwa sababu mteja huja na nembo mkononi akauliza iwekwe juu ya nini. Anza na swali jingine: nani atakishika kitu hiki, na dakika tano za kwanza atakifanyaje? Mtoto wa miaka miwili atakitia mdomoni. Wa miaka saba atakirusha ukutani. Mtu mzima atakitia mfukoni ampelekee mtoto wa nyumbani, na huko nako kitaishia mdomoni vilevile.

Hatua ya 1: Amua umri, kisha shuka ngazi moja

Kipimo cha vichezeo vya walio chini ya miaka 3 ni silinda ndogo yenye upana wa milimita 31.7, ambayo sakafu yake imekatwa mshazari ili kina kiende kutoka milimita 25.4 hadi 57.1. Kitu, au kipande chochote kinachobanduka, kikiingia chote humo bila kukandamizwa, kinaweza kumkaba mtoto. Kama huna silinda hiyo, tumia bomba la katoni la katikati ya tishu ya chooni. Upana wake ni kama sentimita 4, kwa hiyo litakataa vitu vingi kidogo kuliko inavyotakiwa, na hilo halina hasara. Mipira ina hesabu yake: kipenyo kisipungue milimita 44.5. Agiza wa 50.

Kwa nini tunasema ushuke ngazi? Angalia umati wa Idi pale bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa: mtoto wa miaka minane anapewa zawadi, na ubavuni amembeba mdogo wake. Ukigawa mahali kama hapo, chagua kila kitu kana kwamba ni cha walio chini ya miaka 3. Ile alama ya uso wa mtoto ulioandikwa 0-3 na kupigwa mstari haikuokoi kwa tedi. Mdoli laini wa kukumbatia huhesabiwa kuwa ni wa watoto wa umri wote, hata ukiubandika alama kumi.

Hatua ya 2: Chagua kitu chenyewe

Tedi hupendwa na hukaa nyumbani miaka, lakini ni mzigo wa hewa: unalipia nafasi melini kuliko uzito. Taka macho ya kutariziwa, si ya plastiki. Nembo isitariziwe kwenye manyoya marefu kwa sababu nyuzi huzama. Iwekwe kwenye kifulana au kwenye wayo wa mguu ambako kitambaa ni kifupi.

Vinyago vya plastiki laini, kama bata wa kuogea, vina tatizo ambalo halionekani siku ya kwanza. Plastiki hiyo, PVC, hulainishwa kwa mafuta ya kiwandani, na mafuta hayo hutoka polepole kuja juu. Wino wa kawaida ukipigwa hapo haukauki kamwe. Unabaki unanata, na baada ya wiki kadhaa katonini nembo ya bata mmoja inahamia mgongoni mwa mwenzake. Uliza kiwanda wazi: wino ni wa PVC laini au ni wowote uliokuwepo? Uliza pia ripoti ya maabara ya thaleti, yaani aina ya hayo mafuta ya kulainisha. Kikomo kinachotumika Ulaya na Marekani kwa thaleti kadhaa kwenye vichezeo ni asilimia 0.1.

Chochote chenye betri ya kidonge kiepuke, au hakikisha kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuchoma nyama ndani ya saa mbili. Sumaku ndogo zenye nguvu usiziguse kabisa: mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Mbao ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa oda za mamia, kwani mafundi tunao hapa hapa. Wachongaji wa Changamwe na karakana za Bombolulu wamefanya kazi ya mikono miongo kadhaa. Pia ya kuzungusha, tuktuk ya magurudumu manne (mtoto hatalalamika kuhusu gurudumu la ziada), mashua ndogo, bao la safari la kukunja kwa wateja watu wazima: vyote vinachomwa nembo kwa leza, na alama ya leza haibanduki. Kete za bao ziwe mbali na watoto wadogo, maana komwe huingia kwenye silinda bila taabu.

Mbao ina masharti mawili. Iwe imekauka, la sivyo itapasuka wiki ya kwanza ndani ya ofisi yenye eisii. Na kagua vitundu vidogo vyenye unga mwembamba chini yake. Hao ni wadudu wanaobungua, watamaliza katoni nzima. Umaliziaji uwe wa nta ya nyuki au vanishi ya maji. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi ya geti isiguse kichezeo. Kikomo cha madini ya risasi kwenye rangi ni sehemu 90 kwa milioni, na kopo lisilosema lolote kuhusu risasi lihesabiwe limeshindwa.

Tiara husahauliwa, na ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuchapa kwa bei ndogo: hufungwa bapa, na mia moja huingia kwenye katoni moja. Iandikwe maonyo ya nyaya za umeme, na usiigawe upande wa uwanja wa ndege.

Hatua ya 3: Nembo

Peleka nembo ya vekta (faili ya mchoro unaokuzwa bila kufifia), si picha iliyonakiliwa kutoka WhatsApp. Toa namba ya Pantone (orodha ya rangi zenye namba) kwa kila rangi, maana "bluu ya bahari" ya mtu mmoja ni kijani cha mwingine. Kwenye mpira wa sentimita 6, eneo linalochapika bila kupinda ni kama milimita 25 hadi 30 tu. Herufi zilizochapwa zisiwe chini ya milimita 2 kwa kimo, na za kutariziwa zisiwe chini ya 5. Namba ya simu, anwani na tovuti pamoja havitatosha. Chagua kimoja.

Kila rangi ina gharama yake ya kuandaa, iwe ni skrini ya kuchapia au sahani ya uchapaji wa pedi, na gharama hiyo ni ileile kwa vipande 100 au 5,000. Nembo ya rangi nne kwa vipande 150 ni anasa. Omba mbunifu akupe toleo la rangi moja.

Maneno ya Kiswahili yasomwe na watu wawili kabla ya kuidhinishwa. Kiwanda cha ng'ambo huacha ile alama ya juu kwenye "ng'" na kukuletea "ngombe" elfu mbili. Zawadi za Ramadhani zisiwekwe aya, jina la Mwenyezi Mungu wala picha ya Al-Kaaba. Kichezeo hukanyagwa, hulaliwa, huingia chooni.

Hatua ya 4: Tesa sampuli

Usiidhinishe kwa picha. Omba sampuli tatu zenye uchapaji wako halisi: moja ya kuvunja, moja ya kuweka, moja ya kurudisha kiwandani ikiwa na sahihi yako.

Ya kuvunja ifanyie hivi. Idondoshe mara 5 kutoka kimo cha sentimita 85 juu ya sakafu ngumu, kisha okota kila kilichobanduka na ukipime kwenye bomba la tishu. Jicho, pua au kifungo chenye upana unaozidi milimita 6 kinatakiwa kuhimili mvuto wa niutoni 90, yaani kilo 9 hivi. Kibane kwa koleo, funga kamba, ning'iniza dumu la lita 10 lenye lita 9 za maji na uhesabu sekunde kumi. Kilicho na milimita 6 au pungufu kijaribiwe kwa lita 5. Mshono wa tedi unapimwa kwa niutoni 70, kwa hiyo lita 7. Mshono ukifunguka hadi pamba ionekane, hapo hakuna kujadiliana bei.

Kisha uchapaji. Bandika selotepu, sugua kwa ukucha, ing'oe kwa mkupuo. Sugua nembo mara 20 kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, badala ya jasho, na mara 20 nyingine kwa kidole chenye mafuta ya nazi. Jaribio hili la mwisho hulikuti kwenye karatasi ya kiwanda chochote, lakini watoto wa huku ndivyo mikono yao ilivyo, na ndilo linaloangusha wino mwingi. Mwisho acha sampuli ndani ya gari lililofungwa juani mchana mzima. Ikitoka imepinda au inanuka kama rangi mbichi, achana nayo.

Vyuma viloweke kwenye maji ya chumvi usiku mmoja. Pete ya funguo inayotoa kutu asubuhi itatoa kutu kwenye hewa ya bahari ya Nyali ndani ya mwezi.

Hatua ya 5: Kalenda na ujazo

Hesabu ukirudi nyuma kutoka siku ya hafla: wiki 2 za sampuli, 4 hadi 5 za kutengeneza, 3 hadi 5 za meli kutoka China, 2 za kutoa mzigo, na 1 ya akiba. Hiyo ni miezi mitatu hadi minne. Viwanda vya China hufunga kwa mwaka wao mpya, kati ya mwisho wa Januari na Februari, na wafanyakazi hurudi polepole. Oda ya mbao hapa nchini ni wiki 3 hadi 5, lakini msimu wa masika vanishi hukauka kwa shida. Ongeza wiki.

Mfano wa ujazo: katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 50 ni mita za ujazo 0.12. Ikibeba tedi 100, tedi 1,000 ni katoni 10, mita za ujazo 1.2. Kwa meli hilo ni jambo dogo. Kwa ndege, sentimita za ujazo hugawanywa kwa 6,000, hivyo utalipia kilo 200 ingawa mzigo wenyewe ni kama kilo 60. Ndiyo maana kuchelewa kuagiza tedi huuma kuliko kuchelewa kuagiza kitu kingine chochote.

Hatua ya 6: Karatasi

Kabla mzigo haujapakiwa, pata cheti cha ulinganifu chini ya PVoC, mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa, wa KEBS (shirika la viwango la Kenya), na ripoti za maabara zitaje kichezeo chako hasa, si "bidhaa za plastiki". Bei ya kiwandani si bei yako. Juu yake kuna nauli, bima, ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji (IDF), tozo ya reli, VAT ya asilimia 16, wakala, na gharama za kuhifadhi iwapo siku za bure bandarini zitapita. Mpe wakala wa forodha nyaraka meli ikiwa bado njiani.

Hatua ya 7: Kupokea

Kwa shehena ya vipande 1,000, chomoa 80 kutoka katoni tofauti, za chini pia. Kwa kiwango cha AQL 2.5 (kipimo cha kasoro zinazovumilika kwenye shehena), kasoro kubwa 5 zinakubalika. Ya 6 inakataa shehena. Kwa vipande 500, chomoa 50: 3 zinapita, ya 4 inakataa. Kasoro ya usalama haina kiwango, moja tu inatosha kusimamisha kila kitu. Masharti haya yaandikwe kwenye oda kabla ya kulipa amana.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kisauni: Walimu, shukran kwa somo. Nina oda ya tuktuk 300 za sponji, zile za kuminya mkononi. Zifae watoto?

Jibu: Hapana, dada. Sponji ile humeguka kwa jino, na kipande chake huingia kwenye silinda bila shaka. Ni kitu cha mezani kwa mtu mzima. Wino wake pia hupasuka kadiri kinavyominywa, kwa hiyo nembo iwe nene, ya rangi moja. Kama hafla ni ya familia, badilisha iwe ya mbao.

Kutoka Likoni: Chekechea yetu inataka vipande 60 tu. Kila kiwanda kinaniambia 500.

Jibu: Mwalimu, usihangaike na kiwanda. Nunua tedi au mipira isiyo na maandishi, ipime kwa bomba na dumu kama tulivyosema, kisha chapisha vifulana vidogo vya pamba kwa hiti presi (mashine ya kuchapa kwa joto) hapa mjini. Usifunge utepe shingoni. Kwa chini ya miaka 3, kamba yoyote inayoweza kujizonga isizidi sentimita 22.

Kutoka Nyali: Tunagawa ufukweni. Kila kichezeo kije kwenye mfuko wake wa plastiki au nikatae?

Jibu: Kataa. Mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ufukweni wala kwenye hifadhi. Agiza ukanda wa karatasi wenye nembo. Baluni nazo ziache: kipande cha baluni iliyopasuka humkaba hata mtoto mkubwa, ndiyo maana onyo lake Marekani ni kwa walio chini ya miaka 8.

Kutoka Changamwe: Mteja anataka katuni maarufu wa televisheni ashikilie nembo yake. Fundi anasema anaweza.

Jibu: Fundi anaweza, ndugu, lakini huna ruhusa. Bila leseni ya mwenye katuni, hiyo ni bidhaa bandia, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia ina uwezo wa kuishika yote. Mchoreeni mnyama wenu: kasa, pweza, punda wa Lamu.

Kutoka Mtwapa: Tedi zilizobaki tangu mwaka jana zinanuka uvundo. Nizianike tu?

Jibu: Fungua mshono wa moja utazame pamba. Ikiwa na madoa meusi, zote za katoni hiyo zisigawiwe, jua halitoi ukungu wa ndani. Ikiwa safi, anika juani siku mbili ukizigeuza, kisha zirudi kwenye katoni mpya yenye vipakiti vya silika jeli, juu ya mbao, sentimita 10 kutoka sakafuni na mbali na ukuta. Vipakiti vitolewe vyote kabla ya kugawa. Vihesabu vikiingia na vikitoka.