Jinsi ya Kumpangia Mwanao Mwaka wa Kusoma Fedha Binafsi katika Sekondari ya Marekani

Mzazi mwenye mtoto wa sekondari Marekani huletewa fomu ya uteuzi wa masomo ya mwaka unaofuata, mara nyingi kati ya Januari na Machi. Katika majimbo yaliyolifanya somo la fedha binafsi kuwa sharti la kuhitimu, fomu hiyo humwachia uamuzi mmoja mzito: lisomwe mwaka gani? Anza kwa kuangalia sheria ya jimbo lako inaruhusu nini. Minnesota inawataka walioanza darasa la 9 mwaka wa masomo wa 2024–25, na wote wanaowafuata, walisome katika darasa la 10, la 11 au la 12, ilhali Georgia imeliweka katika darasa la 11 au la 12.

Ndani ya nafasi hiyo, ushauri wangu ni kutazama karatasi ya kwanza ya fedha ambayo mtoto ataitia saini mwenyewe, kisha kuliweka somo karibu nayo kadiri inavyowezekana. Likitangulia kwa miaka mitatu litasahaulika. Likichelewa, saini itakuwa imeshawekwa.

Kwa watoto wengi karatasi hiyo ni ya ajira. Sheria ya shirikisho inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya baadhi ya kazi kwa saa chache, na siku anapoajiriwa dukani au mgahawani hupewa fomu ya W-4 inayoamua kodi itakatwaje. Baadaye anafungua hati yake ya mshahara. Amefanya kazi ya dola 200, lakini dola 12.40 zimekwenda kwenye hifadhi ya jamii na dola 2.90 kwenye Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, na kodi ya mapato bado haijahesabiwa. Akiwa analisoma somo wakati huohuo, hati hiyo ataipeleka kwa mwalimu, naye ataelewa upesi jambo ambalo kwenye kitabu lingempita. Ikiwa mwanao anafanya kazi au anakaribia kuanza, na jimbo linaruhusu, mwandikishe darasa la 10.

Asiye na kazi lakini anaelekea chuo alisome darasa la 11. Wazazi wengi hudhani fomu ya msaada wa masomo ya FAFSA ni shughuli ya darasa la 12, kwa kuwa kwa kawaida hufunguliwa Oktoba ya mwaka huo. Lakini inasoma kodi za nyuma zaidi. Anayehitimu mwaka 2027 na kuingia chuo mwaka huohuo atapimwa kwa mapato ya familia ya mwaka 2025, mwaka ulioanza akiwa katikati ya darasa la 10. Aidha, kufikia darasa la 11 wengi wamekwisha kusoma aljebra, kwa hiyo hesabu ya riba inayozaa riba haiwi fumbo tena.

Darasa la 12 nisingelichagua ila kwa lazima, kwa mfano kwa mtoto aliyewasili nchini karibuni na bado anajenga Kiingereza chake. Hata hapo, omba muhula wa kwanza. Katika muhula wa pili barua za vyuo zenye mikopo ndani yake zinakuwa zimeanza kufika, na akifeli hana muda wa kurudia kabla ya mahafali. Kumbuka pia kwamba akitimiza miaka 18 anaweza kufunga mikataba mwenyewe katika majimbo mengi, ingawa sheria ya mwaka 2009 inamtaka aliye chini ya miaka 21 athibitishe kipato chake au awe na mdhamini ndipo apewe kadi ya mkopo. Mdhamini huyo mara nyingi huwa ni wewe.

Unapoonana na mshauri wa shule, omba muhtasari wa somo na uusome nyumbani pamoja na mtoto. Hautagusa chama chenu cha kuweka akiba wala pesa mnazotuma kwa bibi kila mwezi, na familia inayojiepusha na riba itataka kujua mapema namna mikopo inavyofundishwa. Kisha uliza somo linatolewa muhula upi, kwa kuwa shule nyingine hulitoa mara moja tu kwa mwaka.